Nirudishie Kilomita Zangu

Nduta wa Kahiga anajulikana kuanzia Kitengela mpaka Kajiado, na si kwa sura wala kwa kuimba kanisani, maana sauti yake akiitoa kwaya nzima inapotea njia. Anajulikana kwa sababu nusu ya ng'ombe wa maziwa unaowaona wakicheua kando ya barabara ya Namanga walianzia mkononi mwake. Nikisema mkononi nina maana mkononi hasa, mpaka juu ya kiwiko. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe bila fahali kuwepo. Mbegu za fahali hufika zimegandishwa ndani ya mrija wa plastiki, mwembamba kama ule wa wino ndani ya kalamu, ulioandikwa jina la fahali na namba zake. Nduta huibeba mirija hiyo ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi, huvaa glavu ndefu, hunong'ona maneno mawili matatu ya kumtuliza mama mwenyewe, na ng'ombe hubaki akishangaa kumetokea nini. Wafugaji wanamwita Daktari. Wenye midomo yao wanamwita Fahali wa Kitengela, na yeye akisikia hucheka kuwashinda.

Ana tabia moja ambayo ni heri uijue mapema, usije ukaniuliza baadaye. Mrija ukishatumika hautupi. Huutia mfukoni, na akifika nyumbani huubandika kwa selotepu kwenye daftari kubwa, kando ya tarehe, jina la mwenye ng'ombe na jina la ng'ombe. Hivyo hakuna mtu wa kumjia mwaka ujao akidai alipandishiwa mbegu ya fahali asiyemtaka. Madaftari hayo yamejaza sanduku zima chini ya kitanda, na mume wake Kahiga, ambaye hulala juu ya mirija yote hiyo, aliacha kulalamika zamani.

Kwa miaka kumi na tisa Nduta ameenda kazini kwa pikipiki. Sasa ana miaka hamsini na nne, magoti yanalia kuliko breki, na udongo mweusi wa kule ndani ya Kisaju ukinyeshewa hauna heshima kwa mtu. Pikipiki inazama, mtungi unalala upande, Daktari anavuta magurudumu kwa mikono, na ng'ombe aliyekuja joto, yaani anayetaka fahali, hamngoji. Saa zake zikipita zimepita, mwenye ng'ombe atakaa wiki tatu nyingine akimlisha bure. Masika yaliyopita Nduta alichelewa mara nne. Mara ya nne alichelewa kwa ng'ombe wa Naeku, na Naeku ndiye mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa maziwa wa Kisaju.

"Takwenya," Naeku alimsalimu kwa Kimaasai siku hiyo.

"Iko," Nduta akaitika, matope yakiwa yamemfika kwenye nyusi.

"Daktari, mimi nakupenda," Naeku akasema. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na maneno yenyewe huyatoa akiangalia ng'ombe, si wewe. "Lakini ng'ombe hajui mambo ya kupenda. Kuna huyu Khisa, ako na pikipiki mpya, na ako na magoti mpya pia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tuko na mkutano. Ukikuja na gari ya kupita hapa wakati ya mvua, kazi ni yako. Ukikosa, tunapea Khisa."

Nduta alirudi nyumbani akiwa na uchungu wa kulia, ila hakulia kwa kuwa alikuwa na hasira zaidi. Kisaju ndiko alikoanzia kazi. Kuna ng'ombe kule aliowapandisha, akawapandisha mabinti zao na wajukuu zao. Na mkoba ukoje? Akiba yake ya ushirika ilitosha gari moja tu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, tena lililotumiwa na wengine. Akikosea, hakuna la pili. Atakuwa hana gari, hana akiba, na hana Kisaju.

Sasa, Kahiga. Kahiga ni mtu mzuri, nasema mapema maana huko mbele utamcheka. Alikuwa karani wa mizani ya malori miaka thelathini, na miaka thelathini ya kusoma namba zinazowaka ilimwachia ugonjwa: namba ikiwaka mahali popote, yeye anaiamini. Mke aliposema anatafuta gari, Kahiga alijiteua kuwa mshauri mkuu, akavaa koti.

Ndiyo maana siku ya kwanza tu walipoingia yadi ya magari ya Lennox, pale Kitengela kando ya barabara kuu, mzee alinaswa. Gari lilikuwa jeupe, refu, pana, limeng'arishwa mpaka unajiona meno. Lennox mwenyewe alikuwa ananukia vizuri, na aliwaita "mum" na "mzae" kabla hawajasema jina lao. Akafungua mlango, akawasha dashibodi. Kilomita elfu themanini na sita.

"Elfu themanini na sita," Kahiga akarudia, kwa sauti anayotumia kwenye sala.

"Mzae, hii ni msichana," Lennox akasema. "Ilikuwa ya mama mmoja wa ubalozi. Anatoka nayo kwa nyumba, anaenda kanisa, anarudi. Haijawahi kutoka lami. Matope yenyewe hii gari haijui ni nini."

Kahiga akamwangalia mke wake kama mtoto aliyeona biskuti. Lakini Nduta alikuwa ameshaanza kazi. Ng'ombe akiletwa sokoni, mwenye akili haangalii manyoya, maana manyoya huoshwa; anafungua mdomo anaangalia meno. Gari nalo lina meno yake. Nduta aliinama akatazama pedali. Raba zake zilikuwa mpya kabisa, nyeusi tititi. Akatazama usukani, nao ulikuwa umevishwa ngozi mpya. Akajiuliza kimoyomoyo: hivi mama wa kanisani tu, miguu yake ilimaliza raba za kwanza na nini?

Akaingiza mkono chini ya kiti cha mbele, pale reli ya kiti inapoingia kwenye kapeti. Hilo la kuingiza mkono mahali pasipoonekana na kujua umegusa nini, huyu mama hafundishwi na mtu. Kidole kikagusa kitu chembamba. Akakivuta. Akakitazama kwa muda, uso haukubadilika hata kidogo, akakiinua.

"Lennox, hii ni nini?"

Lennox akakitupia jicho. Angeweza kusema hajui. Wala haikuwa dhambi kutojua. Lakini muuza magari kusema hajui ni sawa na kinyozi kukubali kwamba mkono unamtetemeka.

"Hiyo ni fyuzi ya akiba, mum. Wajapani huweka. Usiitupe."

"Nitaitunza," Nduta akasema, akaitia mfukoni. Kisha akajitia hamnazo kabisa, akauliza kwa upole: "Na huyo mama wa ubalozi, alikuwa anafuga ng'ombe?"

"Ng'ombe?" Lennox akacheka. "Huyo hata maziwa alikuwa anakunywa ya paketi."

Bei ilikuwa milioni moja na laki nane. Kahiga alitaka walipe pale pale. Nduta akasema watarudi, akamshika mzee mkono wa koti, wakaondoka. Njiani Kahiga alinung'unika mpaka nyumbani kwamba gari kama hilo halilali, kesho watakuta limeenda. Kumbe alikuwa na lake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amewapigia simu wazee watatu wa kanisa kuwaambia mke wake, mama Kui, ananunua gari la elfu themanini na sita, msichana, halijui matope.

Nduta akafunga mlango wa chumba, akavuta sanduku. Kile kitu cha chini ya kiti kilikuwa mrija, nao uliandikwa Jemedari pamoja na namba zake zote. Jemedari alikuwa fahali wa sifa kubwa, mbegu zake zilikwisha sokoni miaka mingi iliyopita. Akapekua madaftari, moja, la pili, la tatu, mirija imepangwa ukurasa hadi ukurasa kama meno ya kitana. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepoteza mrija mmoja tu, na alipopata ukurasa wake alikaa chini sakafuni.

Kumi na saba Aprili, 2018. Mwenye ng'ombe, Muturi wa Kisaju. Ng'ombe, Waridi. Fahali, Jemedari. Kando yake palikuwa na nafasi tupu ya mrija, na maandishi yake mwenyewe: *Mvua kubwa, nimeletwa na kurudishwa na gari yake. Mrija umeanguka humo. Nimetafuta nikakosa.*

Akalikumbuka sasa. Gari jeupe, ndiyo, lakini siku ile nani angesema ni jeupe, lilikuwa na matope mpaka juu ya kioo. Pikipiki yake ilikuwa imelala mtaroni, na lile gari likapita kando yake likipanda na kushuka, Mzee Muturi akimwambia aache kushika mlango kwa nguvu, hakuna mtu atakufa leo.

"Baba Kui," akaita. Kahiga akaja. Nduta akamwonyesha daftari, akamwonyesha mrija, akamweleza polepole, jinsi unavyomweleza mtu habari za msiba.

Kahiga akasoma mara mbili. "Kwa hivyo mama wa ubalozi..."

"Hakuna mama wa ubalozi."

"Na elfu themanini na sita..."

"Zilipunguzwa. Kuna watu kazi yao ni hiyo."

Mzee alikaa kitandani. Nadhani zile simu tatu ndizo zilizokuwa zikimpitia kichwani moja moja. Mtu aliyesoma mizani miaka thelathini bila kula shilingi ya dereva, kisha anadanganywa na namba yenyewe, unategemea aseme nini? Akasema, "Mwizi mkubwa. Hiyo gari tusiiguse tena." Na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu hadithi ingeishia hapo.

Nduta naye asubuhi yake alipanda pikipiki akaenda Kisaju kumwona Mzee Muturi.

Muturi amezeeka sana, na macho yamemwacha. Anakutambua kwa sauti na kwa viatu. Nduta alipotaja lile gari, mzee alimwita binti yake amletee kitu kabatini. Kikaja kitabu cha mazoezi cha shule, jalada la bluu.

"Niliiuza miaka miwili sasa, macho ilipokataa," Muturi akasema. "Ilikuwa imefika laki tatu na elfu sabini na mbili. Broka akanipea pesa kidogo, akasema imechoka. Mimi ndiye nilikuwa nimechoka, Daktari. Gari haikuwa imechoka."

Nduta akafungua kitabu. Kila oili iliyobadilishwa, tarehe na kilomita. Mkanda wa injini, mara tatu, kabla ya wakati wake kila mara. Gea boksi ilifunguliwa kwa laki tatu, na jina la fundi. Siku radieta ilipotobolewa na mwiba wa chuma, saa ile ile alizima, akangoja wenye kamba. Mwandiko ulianza mzuri, ukazidi kuwa mkubwa mwaka hadi mwaka, kurasa za mwisho herufi ni kama mayai. Huyu mzee alikuwa ameandika gari jinsi Nduta anavyoandika ng'ombe.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na nitakuambia wazi alivyofikiri kwa kuwa aliniambia mwenyewe. Mkulima akiletewa ng'ombe wawili, mmoja mtamba anayemetameta asiyejulikana ametoka wapi, na mwingine ameshazaa mara saba, kila ndama ameandikwa, kila ugonjwa umeandikwa, Nduta humwambia achukue yule wa ndama saba. Amewaambia watu hivyo miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa zamu ya pesa zake, na aliogopa. Kwani laki tatu na zaidi si mchezo. Hata ukizisema tu mdomo unachoka.

"Mzee, wewe ungekuwa mimi?"

"Ningekuwa wewe ningekuwa na macho," Muturi akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akashika goti lake, akafikiri. "Enda uiwashe ikiwa baridi, kabla huyo kijana hajaipasha moto. Ikishika mara ya kwanza, bila moshi ya bluu, hiyo bado ni ile yangu. Na dirisha ya nyuma, upande ya kushoto, huwa inakataa kushuka. Usihangaike na swichi. Piga ngumi chini ya kitasa, mahali kuna alama ya kwato ya mbuzi."

Alimpa kile kitabu. Alisema yeye hana haja nacho, hawezi kukisoma.

Kesho yake saa moja kasorobo Nduta alikuwa langoni mwa yadi, na mlinzi akamfungulia akidhani ni mama wa chai. Kahiga alikuwa nyuma yake, amenuna, amekuja kwa kuwa alikatazwa. Lennox alipofika na kikombe cha kahawa alimkuta Nduta ameweka kiganja juu ya boneti, ametulia, kama anayesikiliza ndama tumboni. Ilikuwa baridi.

"Mum! Mmerudi!" Lennox akasema. "Ngoja niipashe."

"Usiipashe. Nipe funguo."

Ikashika mara ya kwanza. Nduta akamtuma Kahiga nyuma ya gari akatazame moshi, na mzee, pamoja na kununa kwake kote, alirudi akasema hakuna, akasema tena kwa mshangao, hakuna kabisa. Fundi wa Nduta mwenyewe, aliyeitwa kwa simu, akalala chini ya gari kwa nusu saa, akatoka na kidole gumba juu. Basi Nduta akaanza kujifurahisha.

"Lennox, fungua hii dirisha ya nyuma."

Lennox akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. "Ah, ni vumbi tu. Unajua ilikaa sana ikiwa imefungwa, yule mama alikuwa hapendi upepo."

Nduta akazunguka, akatafuta alama ya kwato ya mbuzi, akaiona, akapiga ngumi. Dirisha likashuka lenyewe bila maneno. Lennox akamtazama yeye, akatazama dirisha.

"Chini ya kapeti ya nyuma," Nduta akaendelea, kama nabii, "kuna bati imeshonwa kwa riveti nne. Ilitobolewa na pembe ya ng'ombe anaitwa Simba, 2015." Kitabu cha Muturi kilikuwa mkobani. Lennox akainua kapeti. Riveti zilikuwa nne.

"Mathe," akasema taratibu, "umum" wote umemtoka, "kwani wewe ni nani?"

Wakati huo wanunuzi wengine wawili walikuwa wameingia yadi, mwanamume na mke wake, wakasogea kuona. Nduta hakuinua sauti. Alifungua mkoba, akatoa glavu ya plastiki, ile ndefu ya mpaka begani, akaanza kuivaa polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hiyo ni ya nini?" Lennox akauliza.

"Ya kazi yangu. Wewe ulisema hii ni msichana. Mimi kazi yangu ni kuangalia."

Yule mke wa mnunuzi akaangua kicheko, akamshika mume wake asianguke. Kahiga, mzee wa kanisa, akageuka akatazama ukuta, lakini mabega yalimtetemeka. Nduta akalaza daftari lake juu ya boneti, akafungua ukurasa wa Aprili 2018, akatoa mrija mfukoni.

"Ile fyuzi yako ya Kijapani nimeiangalia nyumbani. Jina yake ni Jemedari. Ni fahali." Akauweka mrija penye ile nafasi tupu, ukatoshea kama ilivyotoshea mirija mingine yote juu na chini yake. "Hii gari nilipanda nikiwa na matope mpaka kwa masikio. Ilikuwa ya Mzee Muturi wa Kisaju. Sasa niambie vile mama wa ubalozi alikuwa anaenda kanisa na hii."

Lennox alikuwa kijana mwerevu, na mwerevu huonekana akishindwa. Aliwatazama wale wanunuzi, akatazama lango, akahesabu ni magari mangapi mengine ya yadi yake yalikuwa na mama wa ubalozi. "Tuongee ofisini," akasema.

"Tuongee hapa. Hapa kuna hewa."

Waliongea. Sitakuchosha na jinsi bei ilivyoteremka, ila ujue iliteremka kwa kasi kuliko lile dirisha, ikatua milioni moja na laki moja. Kahiga akamvuta mke wake kando. Hakuelewa. Si walikuja kumwaibisha mwizi? Kwani bado analitaka, na hizo kilomita?

"Nalitaka kwa sababu ya hizo kilomita," Nduta akamwambia. "Za huyu kijana sizijui. Za Muturi nazijua zote." Kisha akamrudia Lennox. "Kitu kimoja imebaki. Mimi nanunua gari ya Muturi. Gari ya Muturi ilikuwa na zaidi ya laki tatu. Hapa naona elfu themanini na sita. Zingine ziko wapi?"

"Mathe, si hiyo tuliacha kwa bei?"

"Nirudishie kilomita zangu."

"Lakini watu hutoa," Lennox akasema, sasa karibu kulia. "Hakuna mtu huongeza. Ukitaka kuuza kesho utapata hasara."

"Mimi nina miaka hamsini na nne," Nduta akasema, na hapo hakuwa akicheza tena. "Nimeifanyia kazi miaka hiyo yote na sina aibu nayo. Sitaki mtu aniandikie ishirini, na sitaki gari yangu iandikiwe. Oili nitabadilisha aje kama sijui imeenda wapi?"

Ikabidi waende Kajiado, Nduta kwenye usukani, Lennox kiti cha nyuma kama mtuhumiwa, Kahiga mbele akisikiliza injini na kukosa la kulalamikia. Nyuma ya soko palikuwa na mtu mwenye meza, kompyuta na nyaya, na pembeni kidaftari kilichojaa namba za magari. Alipoambiwa anachotakiwa kufanya alimwangalia Lennox, akamwangalia Nduta.

"Miaka saba niko hapa," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza naambiwa niongeze."

Akapekua kidaftari, maana hata yeye, pamoja na dhambi zake, alikuwa anaandika kila namba anayoifuta. Akachomeka nyaya. Elfu themanini na sita ikazimika, ikawaka laki tatu na elfu tisini na moja, mia mbili na nne, za Muturi pamoja na zile za miaka miwili baada yake. Lennox ndiye aliyelipa. Kahiga alifumba macho.

Jumamosi ya mkutano mvua ilianza kunyesha kabla ya saa tatu asubuhi, mvua ya kumwaga, Kisaju ikageuka uji. Kahiga alisisitiza kuandamana na mke wake. Nduta alipowasha gari aligundua kwamba hawezi kuona kilomita: juu ya dashibodi palikuwa pametandazwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, kutoka kwenye kochi la sebuleni.

"Ni ya kuzuia vumbi," Kahiga akasema.

"Kwa mvua hii?"

"Tutakutana na watu wa kanisa kule," akasema, akatazama nje. Nduta akamwachia. Mtu aliyepiga simu tatu ana haki ya kitambaa kimoja.

Wakafika kwenye udongo mweusi. Gari lilizama kidogo, likanguruma. Likajivuta, likatoka, likaenda. Chini ya mti wa mgunga walipita pikipiki mpya imelala mtaroni, na Khisa kando yake anapangusa kofia ya chuma. Nduta akasimama, akampakia nyuma pamoja na mtungi wake. Si wema peke yake, usidanganyike. Alitaka amwone akishuka.

Naeku alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ukumbi, shuka begani, wafugaji wengine nyuma yake. Alimtazama Khisa akishuka kutoka gari la Daktari, akatazama magurudumu, akazunguka upande wa dereva. Akaingiza kichwa dirishani. Akainua kile kitambaa cha maua kwa kidole kimoja, jinsi unavyoinua mdomo wa ng'ombe uone meno. Akasoma namba bila haraka. Kahiga akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

"Laki tatu na tisini," Naeku akasema. "Ilienda wapi zote?"

"Nyingi ni za hapa," Nduta akajibu. Kazi yote ya miaka kumi na tisa ilikuwa imekaa kwenye lile jibu. "Ilikuwa ya Mzee Muturi."

Mvua ikapiga juu ya bati la ukumbi. Nyuma ya Naeku, Khisa akasema kwa sauti ya chini kwamba gari ya kilomita hizo hata broka hawezi kuitaka.

"Basi inajua njia," Naeku akasema.

Akakikunja kile kitambaa mara nne, akampa Kahiga, akamwonyesha kiti cha nyuma kwa kidevu. Mzee akahamia nyuma na kitambaa chake. Naeku akaingia mbele, akavuta mlango, akawapungia wale wa kibarazani wangoje.

"Twende, Daktari. Ng'ombe yangu ako joto tangu alfajiri."